Kabla ya Kung'oa Bati la Kwanza: Ruhusa ya Kubomoa Nyumba



Vikundi vingi vya huku kwetu Meru na Embu vimefika hatua ya kujenga. Mlichanga kidogo kidogo kwa miaka mingi, mkanunua ploti sokoni, na sasa mnataka vyumba vya kukodisha, ama duka, ama ukumbi wa mikutano. Lakini ploti nyingi haziuzwi zikiwa tupu. Utakuta pana nyumba ya zamani: ya mbao na mabati, au ya matope, au ya mawe ambayo kuta zimepasuka. Nyumba hiyo lazima iondoke kwanza.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanafikiri ruhusa ni ya kujenga tu, na kwamba kubomoa ni shauri la nguvu na nyundo. Katika makala hii tutaangalia ruhusa ya kubomoa nyumba ya kuishi: kwa nini iko, inaombwa wapi, na mambo gani yawe tayari kabla ya kuiomba. Someni pamoja katika kikundi. Asiyejua kusoma asomewe.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Kisa hiki nimekichanganya kutoka kwa vikundi kadhaa nilivyotembelea, na majina nimeyaacha.

Kina mama wa kikundi fulani walinunua ploti katika soko moja. Katika ploti palikuwa na nyumba ya mbao ya vyumba vinne. Aliyewauzia alikuwa kijana wa ile boma, na aliwaambia, "Mama zangu, msiwe na wasiwasi, nyumba ni ya baba na baba alishatuachia." Mwenyekiti akapanga kazi Jumamosi. Vijana sita wakaja na nyundo na mitaimbo. Kufikia saa nne asubuhi paa lote lilikuwa chini.

Saa tano wakaja watu watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza alikuwa afisa wa kaunti. Aliuliza, "Karatasi ya ruhusa iko wapi?" Hakuna aliyekuwa nayo. Wa pili alikuwa mama mzee, mjane wa ndugu ya yule marehemu. Alilia akisema, "Hii nyumba haijagawanywa. Bwana yangu aliijenga pamoja na ndugu yake, na kesi ya urithi haijaenda kortini." Wa tatu alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma, fundi wa viatu. Alikuwa ameenda kununua ngozi, akarudi akakuta kitanda chake kiko chini ya jua.

Kazi ikasimama. Mvua za Oktoba zikaja. Mbao zikaoza, mabati mengine yakaibwa usiku. Kikundi kililipa wakili, kikamlipa mpangaji, na kina mama wawili wakajitoa kwa hasira.

Sasa tujiulize: kosa lilikuwa nini? Wengine watasema ni afisa wa kaunti aliyewasumbua. Mimi naona hivi: wangetafuta ile karatasi mapema, hayo maswali matatu yangeulizwa nyumba ikiwa bado imesimama. Nyumba ikishaanguka huwezi kumwonyesha mtu ilikuwa na vyumba vingapi, ilikuwa ya nani, wala ukuta wa jirani ulikuwa mzima au la.

SHERIA INASEMA NINI

Tukisikia neno kubomoa, wengi tunakumbuka tingatinga: Syokimau mwaka 2011, au Athi River mwaka 2023. Huo ni ubomoaji wa kulazimishwa. Hapa tunazungumza juu ya mwenye nyumba anayebomoa yake kwa hiari. Yeye naye ana sheria.

Zamani mambo haya yalipelekwa kwa kaunsili. Baada ya Katiba ya 2010 na uchaguzi wa Machi 2013, kaunsili ziliondoka na kazi ya kupanga miji na makao ikaenda kwa serikali za kaunti. Kwa hivyo mtu wa Maua, Nkubu au Timau anaomba ruhusa kwa Kaunti ya Meru. Mtu wa Runyenjes, Siakago au Kiritiri anaomba kwa Kaunti ya Embu.

Sheria kubwa ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019. Ilichukua nafasi ya sheria ya 1996. Inasema hakuna mtu atakayefanya "maendeleo" ndani ya kaunti bila ruhusa ya kaunti. Na neno maendeleo katika sheria hiyo ni pana kuliko tunavyolitumia kwa mikutano yetu. Ni kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi, pamoja na kubadilisha matumizi ya jengo. Kubomoa nyumba ni kazi juu ya ardhi. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili.

Tena, tangu tarehe 1 Machi 2025 nchi yetu ina kanuni mpya za ujenzi. Zile za zamani zilikuwa za mwaka 1968. Kwa hivyo fundi akikuambia, "Mimi nimefanya kazi hii miaka thelathini, haina mambo ya karatasi," mheshimu kwa ufundi wake, lakini usifuate sheria yake.

Wengine watauliza: "Na ile nyumba ya matope ya nyanya yangu iliyo katikati ya shamba?" Sheria haikuandika kwamba mjini kuna ruhusa na kijijini hakuna. Inasema ndani ya kaunti. Ni kweli kwamba macho ya maafisa yako zaidi mjini, sokoni na kando ya barabara. Lakini usikisie. Nenda kwa ofisi ya mipango ya kaunti ndogo yako au kwa msimamizi wa wadi, eleza nyumba ni ya aina gani na iko wapi, uulize inahitaji nini. Kuuliza hakulipiwi.

SWALI LA KWANZA: NYUMBA NI YA NANI?

Kabla ya fomu, maliza jambo hili nyumbani. Ndilo linaloleta machozi mengi kuliko yote.

Ikiwa aliyeandikwa kwa hati ya shamba amekufa. Hali hii ni ya kawaida sana kwetu. Hati bado ina jina la mzee aliyefariki zamani, na watoto wanaishi kama kila kitu kiligawanywa. Sheria ya urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu kama hajapewa mamlaka na korti. Anayeingilia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au yote mawili. Kubomoa nyumba ya marehemu na kuuza mabati yake ni kuingilia. Haijalishi kwamba wewe ni kifungua mimba. Njia ni kwenda kwa chifu, upate barua inayotaja warithi wote, wake na waume, halafu mfungue kesi ya urithi. Wajane na mabinti, hata walioolewa, wasiachwe nje ya barua hiyo.

Ikiwa ni nyumba ya bwana na bibi. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inasema mke au mume hawezi kumfukuza mwenzake kwa nyumba ya ndoa bila amri ya korti. Mtu akibomoa nyumba juu ya kichwa cha mke wake ili ahame, hiyo si kujenga, ni kufukuza. Hata kama ni kwa nia njema, kaeni chini kwanza. Mkubaliane mtalala wapi wakati wa kazi, na muandike.

Ikiwa hati iko kwa benki au SACCO. Mkopaji aliyeweka shamba rehani anachukua jukumu la kutunza majengo yaliyo juu yake. Ukibomoa bila kumwambia mkopeshaji, umepunguza dhamana yake. Pata barua yake ya kukubali.

Ikiwa kuna wapangaji. Ploti za sokoni mara nyingi zina duka mbele na vyumba vya kulala nyuma. Duka au hoteli inaweza kuwa chini ya sheria ya wapangaji wa biashara. Chini ya sheria hiyo notisi haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2, na mpangaji anaweza kupinga mbele ya baraza la kodi za biashara. Sheria hiyo inakubali nia ya kubomoa na kujenga upya kama sababu ya kumtoa mpangaji, lakini lazima iwe nia ya kweli. Kwa chumba cha kulala cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi kuna sheria na baraza lake. Kwa hali yoyote toa notisi ya maandishi, weka nakala, na umpe mtu nafasi ya kutafuta pahali. Kung'oa paa ili mpangaji atoke ni uonevu, na ni kosa.

Ikiwa ni mali ya kikundi. Leteni jambo kwa mkutano wa wanachama wote. Katibu aandike kwa kitabu cha kumbukumbu: tumekubali kubomoa nyumba hii, tarehe hii, na hawa watatu ndio watakaosimamia. Wote watie sahihi au kidole. Kikundi kisiwe mali ya mwenyekiti.

Kwa wale mnaonunua: fanyeni sachi katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa hata shilingi moja. Sachi itaonyesha jina lililo kwa hati na kama kuna deni au kizuizi. Kina mama wa kile kisa hawakufanya. Wangeona jina la marehemu pale pale.

KWA OFISI YA KAUNTI, HATUA KWA HATUA

1. Nenda kwa idara ya kaunti inayoshughulikia ardhi na mipango, makao makuu au ofisi ya kaunti ndogo. Omba fomu ya ruhusa ya maendeleo na useme wazi ni ya kubomoa. Chini ya sheria ya 1996 fomu iliitwa PPA1 na jibu PPA2, na huenda bado ukasikia majina hayo. Uliza kama siku hiyo wanapokea kwa karatasi au kwa kompyuta. Ikiwa ni kompyuta, kijana wa kikundi aliyesoma anaweza kuwasaidia. Msilipe broka.

2. Uliza orodha ya vitu vinavyotakiwa na uiandike. Kwa kawaida jitayarishe na hivi: nakala ya hati ya shamba au barua ya ploti, sachi ya karibuni, kitambulisho cha mwenye mali, risiti ya kodi ya ploti iliyolipwa, mchoro wa ploti unaoonyesha nyumba zilizopo na ile inayobomolewa, na maelezo mafupi ya namna ya kubomoa. Kwa kikundi ongeza cheti cha usajili na nakala ya kumbukumbu za mkutano. Kwa jengo la ghorofa, au nyumba inayoshikana na ya jirani, tafuta injinia aliyesajiliwa aandike namna ya kubomoa bila kuangusha ya mwenzako.

3. Ikiwa mnataka kujenga pale pale, uliza kama ombi la kubomoa na la kujenga yanaweza kwenda pamoja. Inaweza kuokoa safari.

4. Lipa ada. Ada zimewekwa katika sheria ya fedha ya kaunti, na zinaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hivyo sitaandika bei hapa. Omba kuonyeshwa ada iliyochapishwa, ulipe kwa njia rasmi ya kaunti, na udai risiti. Pesa isiyo na risiti haikununua chochote. Afisa akikuambia "tutaelewana", mwambie kwa heshima, "Afande, sisi ni kikundi, mweka hazina wetu anataka risiti."

5. Julisha watu. Sheria ya 2019 inamtaka mwombaji atangaze kazi anayotaka kufanya, ili mwenye pingamizi apeleke kwa kaunti. Usiogope jambo hili. Heri jirani alalamike mapema kuliko alalamike ukuta wake ukiwa chini.

6. Ngoja jibu la maandishi. Sheria inasema kama siku 60 zimepita bila jibu la maandishi, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Kwa hivyo tarehe ya kupeleka ombi ni muhimu sana. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Hata siku 60 zikipita, mimi nawashauri muandike barua nyingine ya kukumbusha kabla ya kuanza. Kuta zikianguka, kuanza tena kubishana juu ya tarehe ni kazi ngumu.

7. Ruhusa ikikuja, isome yote. Mara nyingi ina masharti: weka uzio, usifanye usiku, peleka kifusi pahali fulani. Kuvunja sharti ni kama kukosa ruhusa.

Na wakikataa? Kukataliwa si mwisho. Una siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya upatanisho wa mipango. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina vituo Meru mjini, Embu mjini na Chuka. Siku 14 huisha haraka, zaidi ukingoja mkutano wa kila mwezi. Itisheni mkutano wa dharura.

Hizo siku 14 pia ni za mtu aliyeletewa notisi ya kaunti kwamba jengo lake lina makosa na arekebishe au aondoe. Usiiweke notisi chini ya godoro. Andika tarehe uliyoipokea na uanze kutembea.

OFISI NYINGINE ZISISAHAULIKE

Stima. Andikia kampuni ya stima ikate laini na iondoe mita. Fundi wa mtaa asikate waya za nguzoni. Hata kama mlikuwa mmekatiwa kwa sababu ya deni, waya wa nguzo unaweza kuwa na moto. Kibarua anayeshika bati lililogusa waya huo hana nafasi ya kujifunza.

Maji. Kampuni ya maji ya eneo lenu ifunge mfereji na ichukue mita. La sivyo bili itaendelea, na maji yatalainisha udongo chini ya ukuta.

Mazingira. Uliza ofisi ya NEMA ya kaunti kama kazi yenu inahitaji ripoti. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinataja sehemu za kubomoa. Karibu na makao ya watu kiwango cha mchana ni desibeli 60 na usiku ni 35. Mchana kwa kanuni hizo ni kuanzia saa 12 na dakika 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa maneno mengine, usibomoe usiku. Kubomoa usiku pia kunamfanya kila mtu afikiri unaiba.

Asbestosi. Hapa naomba mnisikilize sana. Nyumba nyingine za zamani, zaidi zile za wafanyakazi wa serikali, shule na kampuni, zina paa la kijivu linalofanana na saruji, gumu, lenye mawimbi. Hilo huenda ni asbestosi. Likivunjwa linatoa vumbi jembamba lisiloonekana. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake, pamoja na saratani, unaweza kuja baada ya miaka ishirini au zaidi. Kanuni za takataka za mwaka 2006 zinaihesabu asbestosi kuwa takataka ya hatari. Msiipige nyundo, msiikate, msiitumie kuezeka nyumba ya kuku wala kutengeneza njia ya matope. Waiteni NEMA wawaambie nani amepewa leseni ya kuiondoa na inazikwa wapi. Itagharimu pesa. Lakini mapafu ya vijana wenu hayauzwi dukani.

Kontrakta. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda mamlaka ya ujenzi ya taifa inataka anayefanya biashara ya ukandarasi awe amesajiliwa. Omba kuona cheti chake, na uangalie kama bado hakijaisha.

SIKU YA KAZI

Ruhusa mkononi, sasa kazi. Nyumba inabomolewa kinyume cha ilivyojengwa. Kilichowekwa mwisho kinatoka kwanza: milango na madirisha, halafu mabati, halafu mbao za paa, halafu kuta kuanzia juu kushuka chini, mwisho msingi.

Kosa linaloua ni kuchimba ukuta chini ili uanguke wenyewe. Vijana wanapenda njia hii kwa sababu ni ya haraka. Lakini ukuta hauna adabu, hauulizi nani amesimama wapi. Ukuta wa mawe uliounganishwa kwa udongo, ukiwa umelowa mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba, unaweza kuanguka bila kuguswa. Usiache ukuta mrefu umesimama peke yake usiku. Watoto watakuja kucheza pale.

Wekeni kamba au uzio wa mabati kuzunguka, na mtu mmoja wa kuzuia wapita njia, hasa siku ya soko. Vibarua wavae viatu vigumu, kofia ya kazi, glavu na kitambaa cha pua. Msumari wenye kutu ukimchoma mtu, aende hospitali siku hiyo hiyo adungwe sindano ya pepopunda.

Tafuteni shimo la choo cha zamani kabla ya gari la kubeba kifusi kuingia. Ploti nyingi zina shimo lililofunikwa kwa mbao na udongo, na aliyelichimba alishakufa. Muulizeni jirani mzee. Shimo lijazwe na lishindiliwe kabisa kabla ya kazi nyingine.

Kumbukeni pia kwamba kikundi kikiajiri vibarua, kikundi ndicho mwajiri. Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awe na bima. Ukimpa kontrakta kazi, muulize bima yake iko wapi. Kijana akivunjika mguu, mchango wa harambee hautamlisha mpaka apone.

Piga picha za nyumba ya jirani kabla ya kuanza, ndani na nje, yeye mwenyewe akiwa pale. Simu yoyote yenye kamera inatosha. Kukizuka ubishi juu ya ufa, picha itasema.

VITU VYA KUOKOA

Nyumba ya zamani ina mali. Mabati mazuri, mbao ngumu, milango, mawe ya kuchonga, hata nondo, vyote vina mnunuzi. Mweka hazina aandike kila kitu kinachotoka na kila shilingi inayoingia. Ving'olewe polepole. Bati lililong'olewa kwa nyundo lina matundu, lililotolewa misumari moja moja linaezeka jiko. Mawe yaliyovunjika ni mazuri kwa msingi au kujaza barabara ya kuingia.

Kifusi kisimwagwe kando ya barabara wala mtoni. Kathita na Rupingazi zinanywesha watu walio chini yetu, na sheria ya mazingira inakataza kutupa vitu mtoni. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa zisichomwe jikoni, moshi wake ni sumu.

MAMBO YA KUBANDIKA UKUTANI

Fanyeni sachi kabla ya kununua.
Warithi, bibi, bwana, wapangaji na mkopeshaji wajue na wakubali kwa maandishi.
Ombi lipigwe muhuri wa tarehe, ada iwe na risiti.
Ruhusa iwe mkononi, stima na maji yakatwe, asbestosi iachiwe wenye leseni.
Halafu ndipo bati la kwanza ling'olewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kile kisa, ni nani aliumia zaidi? Kikundi kingefanya nini tofauti, na kwa mpango gani?
2. Hati ya ploti au shamba letu ina jina la nani leo? Nani kati yetu ameiona kwa macho yake?
3. Kuna mjane au binti katika kijiji chetu ambaye nyumba yake iko hatarini kwa sababu urithi haujamalizwa? Nani atamsindikiza kwa chifu wiki hii?
4. Ni nani wawili tutawatuma kwa ofisi ya kaunti kuuliza orodha na ada, na wataleta jibu lini?

Kina mama wa kile kisa walijenga mwishowe. Kesi ya urithi ilimalizwa, mjane akapata haki yake, na ruhusa ikatoka. Siku ya kubomoa zile kuta zilizobaki, yule mama mzee alikuja kutazama, akaletewa kiti. Mwenyekiti aliniambia, "Tungempa hiki kiti siku ya kwanza, tungeokoa mabati yetu."